Daktari ni "he", nesi ni "she": mashine, Kiajemi na sisi

Najua nimekuwa kimya wiki tatu nzima, hadi wengine mmeniandikia kuuliza kama baridi ya Uppsala imenimeza. Haijanimeza bado. Ni shule tu. Muhula huu tumeingia somo la tafsiri kwa mashine, na kwa kuwa niliahidi siku nyingi kueleza nasoma nini hasa huku Sweden (maana mama mdogo bado anawaambia watu mtaani kwamba nasomea "kutengeneza kompyuta"), leo nalipa deni. Chukua chai yako, kaa vizuri, maana ni ndefu kidogo.

Kazi tuliyopewa ni kujenga, kuanzia sifuri, mashine ya kutafsiri kwa takwimu. Ile ya kizamani. Wajanja wa darasa walilalamika: kwa nini tujifunze kitu ambacho kampuni kubwa zilianza kukitupa tangu 2016, zilipohamia kwenye mitandao ya nyuroni? Mwalimu akajibu kwamba mtu asiyewahi kufungua baiskeli hana haki ya kulalamikia injini ya ndege. Baiskeli unaiona yote: mnyororo ule, pedeli ile, ikikwama unajua imekwama wapi. Mashine za siku hizi zinatafsiri vizuri zaidi, lakini ukiuliza kwa nini zimechagua neno hili, hupati pa kuchungulia. Hii ya zamani unaifungua tumbo na kusoma kila namba.

Kila kundi lilichagua lugha mbili. Sisi tuko wawili: mimi na dada mmoja wa Iran, ambaye ni mwenzangu darasani na pia jirani yangu kwenye korido, tunatumia jiko moja. Anatoka Shiraz. Si mnajua tena bibi yangu wa Pangani hujiita Mshirazi? Nilipomwambia, alicheka mpaka mchele ukamtoka mdomoni, na tangu siku hiyo ananiita "binamu". Basi binamu yangu akasema: tunafanya Kiingereza na Kiajemi. Nikamuuliza kwa nini asichukue kitu chepesi kama Kiingereza na Kifaransa. Akasema ana sababu yake ya nyumbani. Sababu hiyo nitaifikia, tulieni.

Kwanza nieleze mashine yenyewe, kwa Kiswahili cha kijiweni.

Wazo ni la zamani. Mwaka 1949 Mmarekani mmoja, Warren Weaver, alisambaza waraka uliosema tafsiri inaweza kutazamwa kama kazi ya kufumbua maandishi ya siri, kama wale mafundi wa wakati wa vita walivyofumbua barua za adui. Kompyuta za enzi hizo hazikuwa na ubavu, kwa hiyo kwa miaka mingi watu walishika njia ya kanuni. Unaweka wanaisimu mezani, wanaandika kamusi, wanaandika sarufi, wanaandika vighairi vya sarufi, na vighairi vya vighairi. Hata Kiajemi kilipitia njia hiyo: mwishoni mwa miaka ya 1990, New Mexico State University walikuwa na mradi wa kutafsiri Kiajemi kwenda Kiingereza, na jina la mradi, amini usiamini, lilikuwa Shiraz. Binamu alifurahi kweli.

Huku nyuma, mwishoni mwa miaka ya 1980, kikundi cha watafiti wa IBM kilirudi kwenye wazo la kuhesabu. Walichukua kumbukumbu za Bunge la Kanada, ambazo kwa sheria huandikwa Kiingereza na Kifaransa, wakaiachia kompyuta ijifunze yenyewe. Mwaka 1993 wakachapisha hesabu zao zote, na ndizo tunazosoma mpaka leo.

Inajifunzaje? Chukua mfano huu wa Kiajemi. Nakupa matini pacha tatu, upande mmoja Kiajemi, upande wa pili tafsiri yake:

ketab-e bozorg: kitabu kikubwa
khane-ye bozorg: nyumba kubwa
khane-ye kuchek: nyumba ndogo

Hujui Kiajemi hata salamu, lakini tayari umeshajua "bozorg" ni nini na "khane" ni nini. Umejuaje? Hukufungua kamusi. Umeona nini kinatokea pamoja na nini, basi. Mashine inafanya hivyohivyo, ila kwa sentensi laki na malaki. Mwanzoni inadhani kila neno linaweza kuwa tafsiri ya kila neno. Inapitia matini zote, inahesabu, inarekebisha dhana zake, inapitia tena, inahesabu tena. Baada ya mizunguko kadhaa ukungu unatoka, na unapata jedwali kubwa la vipande: kipande hiki cha Kiajemi, tafsiri zake ni hizi, na kila moja ina uzito wake.

Halafu kuna upande wa pili. Fikiria wazee wawili wamekaa barazani. Mzee wa kwanza ana lile jedwali, anapendekeza tafsiri. Mzee wa pili hajui Kiajemi kabisa, lakini amesoma Kiingereza maisha yake yote, na kazi yake ni kusema tu: "hii inasikika kama Kiingereza, hii haisikiki." Maksi za wazee wote wawili zinaunganishwa, na sentensi yenye maksi nyingi ndiyo inayotoka. Hakuna aliyeelewa kitu hapo. Mmoja anakumbuka jozi, mwingine anakumbuka mazoea.

Sasa njoo kwenye Kiajemi uone kazi.

Kiajemi huandikwa kwa herufi za Kiarabu, na irabu fupi haziandikwi. Neno "mard" ni mwanamume. Neno "mord" ni alikufa. Kwenye karatasi yote mawili ni m-r-d, pacha wasiotofautika. Neno "shir" ni balaa zaidi: ni maziwa, ni simba, na ni bomba la maji la jikoni, na yote matatu yanaandikwa sawasawa. Msomaji wa Kiajemi hapati shida, kwa sababu anajua hakuna mtu anayemimina simba kwenye chai. Mashine inategemea majirani wa neno lile.

Halafu kile kiunganishi "-e" mlichokiona kwenye "ketab-e bozorg", ambacho kinafanya kazi kama "-a" yetu ya kitabu cha mwanafunzi, mara nyingi hakiandikwi. Yaani ni kama sisi tungeandika "kitabu mwanafunzi chuo jirani" na msomaji aweke mwenyewe cha, wa na ya.

Halafu kitenzi kinakaa mwisho. Ukitaka kusema "jana nilimwona daktari hospitalini", Kiajemi kinasema mimi, jana, daktari, hospitalini, halafu ndipo "didam", nilimwona. Sentensi ikiwa fupi si tatizo. Ikiwa ndefu, yenye sentensi ndogo tumboni mwake, kitenzi kiko kilomita moja kutoka kwa mwenyewe. Programu tunayotumia, Moses, iliyotolewa mwaka 2007, kwa kawaida huruhusu vipande kuruka maneno 6 tu wakati wa kupanga upya, la sivyo hesabu inakuwa kubwa mno. Kitenzi kilicho nyuma zaidi ya hapo ama kinafika kimechelewa, ama kinapotea kabisa. Tumepata sentensi za Kiingereza zenye daktari, mgonjwa, hospitali na siku ya Jumatano, na hakuna aliyefanya chochote.

Na kuna vituko vya uandishi wenyewe. Kiajemi kina kitu wanakiita nusu-nafasi, kinachotenganisha vipande vya neno moja bila kuyafanya maneno mawili. Wengine wanaiweka, wengine wanaweka nafasi nzima, wengine wanabananisha kila kitu. Kwa mashine hayo ni maneno tofauti, kila moja linahesabiwa peke yake. Herufi kaf na ye nazo zina namba mbili mbili ndani ya kompyuta, moja ya Kiarabu na moja ya Kiajemi. Kwa macho unaona kitu kilekile, mashine inaona watu wawili. Binamu alipokuwa ananiona nashangaa, nikamwonyesha "ng'ombe" wetu: mmoja ana alama iliyonyooka, mwingine ana iliyopinda, na kompyuta inadai hao ni ng'ombe wa mazizi mawili. Tulicheka pamoja. Siku mbili za kwanza za mradi tulimaliza kwenye kusafisha herufi tu.

Kitu kilichonifurahisha kuliko vyote ni kula. Waajemi wanakula kila kitu, kama sisi! Kuanguka kwao ni "zamin khordan", kula ardhi. Nikamwambia binamu, sisi tunakula mweleka. Kuapa kwao ni "qasam khordan". Qasam ni kiapo, khordan ni kula. Jamani, kula kiapo! Neno kwa neno. Kiingereza kina njia zake za kuapa, ila hakijui kiapo cha kuliwa, basi mashine yetu, maskini, ilikuwa inang'ang'ana. Maneno hayo mawili yakiwa yamekaa jirani, inayakumbuka kama kipande kimoja na inasema vizuri tu "swore". Ukiingiza neno katikati, ukasema "qasam-e dorugh khord", alikula kiapo cha uongo, kipande kinavunjika na mashine inakuletea mtu anayekula uongo mezani. Sasa fikiria Mswahili na Mwajemi, ambao wote wanakula viapo vyao, mara nyingi mashine huwakutanisha kwa kupitia Kiingereza, kwa sababu matini pacha za Kiswahili na Kiajemi moja kwa moja ni chache mno. Kiapo kinaingia kikiwa kinaliwa, kinatoka kimekauka.

Hapo tunafika kwenye suala la chakula cha mashine yenyewe, maana bila matini pacha hakuna kitu. Wazungu wa Ulaya wana Bunge lao la Ulaya, hotuba zilikuwa zinatafsiriwa kwa lugha nyingi, na mwaka 2005 zilishakusanywa kwenye hazina inayoitwa Europarl. Bunge la Iran halitafsiri mijadala yake kwenda Kiingereza kila siku. Kwa hiyo watafiti wa Tehran walifanya ujanja: mwaka 2011 walitoa hazina inayoitwa TEP, zaidi ya jozi laki tano za sentensi, zote zimetokana na maandishi yanayopita chini ya filamu. Baadaye ikaja Mizan, jozi kama milioni moja, nyingi zikitoka kwenye riwaya za zamani zilizotafsiriwa Kiajemi.

Mnaona kinachotokea? Mashine iliyokula filamu inaongea kama filamu. Inajua vizuri sana "weka silaha chini" na "usiniache, mpenzi". Tena Kiajemi cha filamu ni cha mdomoni. "Nan", yaani mkate, wanaandika "nun". "Miravam", naenda, inakuwa "miram". Ukiipa barua rasmi ya hospitali inakutumbulia macho. Ukiichanganyia riwaya, inaanza kuongea kama bwana mmoja wa karne ya 19 anayeagiza farasi. Barua ya hospitali bado hajaisoma mtu.

Na hii barua ya hospitali si mfano wa kubuni. Ndiyo ile sababu ya nyumbani.

Binamu ana dada yake mkubwa, daktari wa upasuaji. Mwaka 2014 aliomba nafasi ya mafunzo zaidi katika nchi moja ya Ulaya. Alihitaji barua ya mkuu wake wa kazi, ikaandikwa kwa Kiajemi, nzuri, ya kurasa mbili. Akamlipa wakala mmoja atafsiriwe nyaraka zote na zipelekwe moja kwa moja ofisini. Wakala akala hela, akaipitisha barua kwenye mashine ya mtandaoni, akagonga muhuri wake, akapeleka. Enzi hizo mashine za mtandaoni zilikuwa za takwimu, jamaa yake baiskeli yetu.

Kiajemi hakina "he" wala "she". Kina "u" tu, sawasawa na "yeye" wetu. Barua ilisema u amefanya upasuaji kadhaa, u ana mikono mizuri, u anaheshimiwa na wenzake. Mashine ikaandika "he", "he", "he". Halafu kwenye ukurasa wa pili palikuwa na sentensi inayosema u anakaa na watoto wagonjwa usiku na kuwatuliza. Hapo mashine ikaandika "she".

Someni tena hapo. Mtu mmoja, barua moja. Akishika kisu ni mwanamume, akibembeleza mtoto ni mwanamke.

Ofisi ile ikaona pasipoti ya mwanamke, ikaona barua ya mwanamume, mistari mingine mwanamke tena. Jina lenyewe halikuwasaidia, maana aliyelisoma hakujua kama ni la kike au la kiume. Wakaandika kuuliza barua hii ni ya nani. Kabla majibu hayajafika, tarehe ya mwisho ikapita. Nafasi akapewa mwingine. Yule dada yupo Shiraz mpaka leo, anapasua watu na kuwaponya, na hajaomba tena. Binamu wakati ule alikuwa bado shule. Anasema ndiyo siku aliyoamua asome jambo hili, ili afungue tumbo la kile kitu aone ndani kuna nini.

Nakala ya barua anayo. Basi Alhamisi iliyopita, baada ya mashine yetu kukamilika, tuliipitisha humo, sentensi moja moja. Kiingereza chetu kilikuwa kibovu kuliko cha yule wakala, ila kwenye viwakilishi hapakuwa na tofauti kubwa. Kwenye upasuaji, "he". Kwenye watoto, "she".

Tofauti ni kwamba sisi tunaweza kuchungulia. Tukafungua jedwali, tukatafuta "u". Zipo zote humo: he, she, him, her na nyingine, kila moja na uzito wake, na "he" ndiye amekaa juu, kwa sababu kwenye filamu na riwaya wanaume ndio wanaotajwa zaidi. Tukaenda kwa mzee wa pili, yule wa mazoea. Naye alikwishasoma "he" pamoja na kupasua mara nyingi zaidi ya "she". Na pale kwenye watoto, mazoea yake yakavuta upande wa pili. Hakuna mtu aliyeandika kanuni inayosema madaktari ni wanaume. Ungeitafuta hiyo kanuni ndani ya programu usingeiona. Ni hesabu tu. Pale ambapo Kiajemi kimenyamaza na Kiingereza kinalazimisha kusema, mashine inajaza pengo kwa kile ambacho wengi wamezoea kukisema.

Kilichomuuma binamu zaidi ni hiki. Mstari wa kwanza kabisa wa barua unasema "khanom-e doktor". Khanom ni bibi, mama, mwanamke mheshimiwa. Jibu lilikuwepo! Mashine ikalitafsiri vizuri tu pale juu, "Ms". Lakini mashine ya namna hii inatafsiri sentensi moja moja, na ikimaliza moja inaisahau. Ikifika sentensi ya tatu haijui kwamba kulikuwa na ya kwanza. Ni kama mkalimani anayepoteza fahamu kila anapofika kwenye nukta.

Alinyamaza kidogo, halafu akasema, "Miaka yote nilidhani walimdharau. Kumbe hawakumkumbuka tu." Sikujua la kusema. Nilikwenda kuchemsha chai.

Halafu tukapima. Kuna kipimo maarufu kinaitwa BLEU, kilitolewa na watafiti wa IBM mwaka 2002. Kinalinganisha tafsiri ya mashine na tafsiri ya binadamu, kinahesabu maneno na vipande vya maneno vinavyofanana. Kwa miaka mingi watu walichapisha makala na kupata shahada kwa kupandisha namba hiyo. Binamu aliitafsiri barua yote mwenyewe, kwa mkono, ndiyo ikawa kipimo chetu. Kisha tukachukua matokeo ya mashine, tukabadilisha kila "he" kuwa "she", bila kugusa kitu kingine, tukapima tena. Namba ilisogea kidogo mno, kiasi kwamba kwenye makala ya kisomi ungesema hakuna maendeleo. Kwa kipimo, neno ni neno: "he" ina uzito uleule wa "the". Kwa yule dada ndiyo ilikuwa barua nzima.

Wadau, hapo ndipo mimi nimeganda tangu Alhamisi. Sikatai takwimu. Bila takwimu lugha zetu zisingeingia kabisa kwenye mashine hizi, kwa sababu nani angekaa miaka 20 kuandika kanuni za Kiswahili au za Kiajemi? Juni 2009, siku chache baada ya uchaguzi wa Iran wa tarehe 12, dunia nzima ikiwa inataka kujua watu wa Tehran wanasema nini, Google waliongeza Kiajemi kwenye mashine yao haraka, wakitumia njia hii hii ya kuhesabu. Miezi michache baadaye, mwaka huohuo, Kiswahili nacho kikaingia. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mwenye kuhesabu anawaona wengi kwanza. Mwanamke anayepasua watu alikuwepo, kazi yake ilikuwepo, ila kwenye matini hakuonekana vya kutosha, na pale penye shaka alihesabiwa kama hayupo.

Na msidhani ni habari ya Waajemi tu. Sisi tunasema "daktari amefika, anakuomba umfuate ofisini kwake." Nani kasema ni mwanamume? Hakuna. Ile "a-" yetu imebeba watu wote bila ubaguzi, kama "u" yao. Mswahili na Mwajemi wangeweza kuzungumza siku nzima juu ya daktari huyo bila hata mmoja kuhitaji kujua. Tatizo linaanza pale kituo cha katikati kinapodai jibu.

Kuna walioanza kurekebisha. Mwaka 2018 Google walianza kuonyesha majibu mawili, la kike na la kiume, kwa sentensi za Kituruki, na mwaka 2020 wakaongeza Kiajemi. Ukiandika sentensi fupi kama "u doktor ast", unapewa zote mbili uchague. Ni hatua. Mimi naona ndiyo adabu yenyewe: usichojua, uliza. Lakini barua ya kurasa mbili si sentensi fupi, na mashine za leo, pamoja na uwezo wao wa kukumbuka zaidi, zimelelewa kwa chakula kilekile cha maandishi yetu. Binamu alipendekeza tuongeze matini za madaktari wanawake mpaka mizani ilingane. Nikamwambia mizani ikilingana itakuwa ni kurusha shilingi. Tukabishana mpaka saa nne usiku, wanafunzi wa jengo letu walipofungua madirisha na kupiga yowe (ndiyo mila yao Flogsta, kila siku saa nne, usiniulize kwa nini), tukacheka, tukaacha. Tulichokubaliana ni kwamba mizani iliyolingana angalau inafanya shaka ionekane. Mashine ikiwa na shaka inayoonekana, unaweza kuiambia isimame na kuuliza. Ikiwa na uhakika wa uongo, haiulizi mtu.

Ripoti tunawasilisha Jumatatu. Tumeweka BLEU kama walivyotaka, halafu tumeongeza jedwali letu la viwakilishi peke yake, kila "u" ya barua, imekuwa nini na ilipaswa kuwa nini. Mwalimu hakuliomba. Akilikata maksi, sawa tu.

Ninyi mlioko nyumbani nina ombi mbili ndogo. Wenzangu mnaosoma lugha na ukalimani: mnapotafsiri, hata vipeperushi vya zahanati, hata barua za kijiji, tunzeni pande zote mbili, na mkiweza, wenyewe wakiridhia, wekeni hadharani. Mashine itakula kitu, tusipoipa chakula chetu itaendelea kula filamu za watu. La pili ni kwa kila mtu. Ukiwa na karatasi inayokwenda ofisini, yenye jina la mtu na maisha ya mtu ndani yake, tumia mashine ukitaka, mimi mwenyewe natumia. Lakini kabla ya muhuri, mpe binadamu anayemfahamu huyo mtu aisome yote, kuanzia mstari wa kwanza mpaka wa mwisho.

Niishie hapa, nina zamu ya kusafisha jiko. Maoni yenu nayasubiri, na mama mdogo akisoma hii, basi sasa unajua nasomea nini. Wasalaam.